UZI: Roy kumuamsha Jamie saa kumi alfajiri, ndio kulea kipaji au kumkomoa? Nina dogo hapa Gungu

mwana_wa_gungu
Wakuu kwema. Nimejaziwa Ted Lasso, ile tamthilia ya timu ya mpira ya Richmond ya Uingereza, yote kwenye flashi, nimefika sizoni ya tatu pale staa mpya Zava anaposajiliwa Richmond, timu nzima inamuabudu, mashabiki ndio usiseme, na Jamie Tartt kanuna peke yake maana ghafla staa sio yeye tena. Roy Kent, nahodha wa zamani ambae sasa yupo benchi la makocha, yeye na Jamie walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu sizoni ya kwanza, anamwambia mimi nitakunoa, na mazoezi ni saa kumi alfajiri. Basi anamkimbiza London nzima imelala, hana huruma, matusi juu. Na Jamie anakuwa mchezaji mwingine kabisa.

Sasa mimi nina dogo hapa Gungu, Kigoma, miaka 15, kidato cha pili, winga wa kulia anayetumia mguu wa kushoto. Kipaji anacho, wanaoshinda uwanjani wanajua. Ila haeleweki. Kuna wiki anacheza mpaka wazee wanaacha bao wanakuja kuangalia, halafu anazima muda mrefu, anakuja macho mekundu, anapoteza mipira, ukimsema anainamisha kichwa tu. Nikaamua kufanya ya Roy, nikampangia saa kumi na moja alfajiri kabla ya shule, mimi na yeye peke yetu, kukimbia na mpira na kupiga krosi. Mwanzo moto. Baadae akaanza kukosa, mara aje mara asije.

Huu ukali unasaidia kweli au TV inatudanganya? Naombeni mawazo ya watu waliolea vijana. Huyu dogo namtakia mema, sitaki aishie ndondo za kugombea mbuzi.

mgebuka10
Mkuu Roy alikuwa nahodha wa timu ya Ligi Kuu ya Uingereza, wewe tunakujua ulikuwa beki wa Mwanga hahaha. Ila bila utani mimi nipo upande wa ukali. Mchezaji asiyesukumwa haendi popote. Kaseja katokea hapa hapa Kigoma, 2003 bado kijana mdogo kabisa anaenda Cairo na Simba kuwatoa Zamalek kwa matuta, unadhani mtu anasimama golini mbele ya lile jiji lote kwa kubembelezwa? Endelea nae, akikosa alfajiri mbenchishe, atajifunza.

toto_la_ipuli
Na Zamalek walikuwa mabingwa watetezi, hilo liandikwe, sio timu ya mchangani. Nawasalimia kutoka Tabora, mwangaluka.

filamu_na_soka
Kabla hamjafika mbali naomba niweke sawa kitu. Jamie sio dogo anayeanza. Sizoni ya kwanza tayari anacheza Ligi Kuu, yupo Richmond kwa mkopo kutoka Manchester City, ana nyumba, ana gari, ana hela. Roy anapomchukua 2023 anamnoa mtu aliyekwisha kamilika, mwenye daktari wa timu, mpishi na kitanda kizuri. Sasa wewe mtoa mada unachukua ratiba ya mtu mzima unampa mtoto wa kidato cha pili anayetembea kwa miguu kwenda shule.

Halafu kuna kipande watu wanakisahau. Kabla ya hiyo saa kumi alfajiri kuna sizoni ya pili pale Wembley. Richmond wamefungwa 5-0 na Manchester City, baba yake Jamie anaingia vyumbani amelewa, anamdhalilisha mwanae mbele ya wenzake mpaka Jamie anamtandika ngumi. Chumba kizima kimya, hakuna anayejua afanye nini. Anayevuka kwenda kumkumbatia ni Roy, yule yule mkali asiyecheka. Ukali wa sizoni ya tatu Jamie aliupokea kwa sababu alishajua huyu mtu yupo upande wangu. Ukianza na filimbi ya alfajiri bila hicho kipande unakuwa mlinzi tu wa geti.

mgebuka10
Hapo umenena, sikupingi kuhusu Wembley. Lakini Roy mwenyewe je? Aliondoka kwao ana miaka tisa kwenda akademi ya Sunderland, ile blanketi aliyopewa na babu yake ndio kitu alichotunza miaka yote. Ugumu wa maisha ndio uliomtengeneza.

filamu_na_soka
Au ndio uliomfanya ashindwe kuongea na watu mpaka utu uzima. Rudia kuangalia mkuu, hicho kipande cha blanketi hakijawekwa kumsifia aliyempeleka mtoto wa miaka tisa mbali na kwao.

mzee_wa_steshoni
Hamjambo vijana, mimi nipo Tabora hapa, reli nimeitumikia mpaka nikastaafu na mpira nimeuona tangu mkiwa hamjazaliwa, nataka niseme kwamba mnajadili mtu mmoja mmoja, Roy, Jamie, kocha wa Gungu, lakini zamani kijana alikuwa hashikwi mkono na mtu, alikuwa anashikwa na shirika, kulikuwa na RTC Kigoma, Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, CDA ya Dodoma, hapa Tabora tulikuwa na Milambo yetu, kijana akionekana anajua mpira anapewa kazi, anapewa mshahara, jioni anakwenda mazoezini na tumbo limejaa, basi, hakuna cha kumuamsha mtu saa kumi, mashirika yalipobinafsishwa na mengine kufa miaka ya tisini timu nazo zikafa na kijana akabaki na mtu mmoja mwenye roho nzuri kama wewe wa Gungu ambae na wewe huna kitu, kwa hiyo dogo wako akizima usimtafutie kosa kichwani kwake, uliza amekula nini.

mwana_wa_gungu
Shikamoo mzee. Asante sana. Kuhusu kula, anaishi kwa mjomba wake, nyumba ina watu wengi lakini sijaona dalili za njaa. Mjomba ni mtu wa heshima zake.

toto_la_ipuli
Mzee wa steshoni, timu tunayo tena bwana. Novemba 2024 Tabora United kawapiga Yanga 3-1 kwao Chamazi na kocha wao akaondoka. Unyamwezini tumerudi.

mgebuka10
Na Mashujaa wetu waliowatoa Simba kwa matuta hapa uwanja wa Lake Tanganyika, Aprili mwaka ule ule? Mbona hulisemi. Dar nzima ilinuna.

toto_la_ipuli
Ile mlibebwa na joto la ziwa.

mgebuka10
Joto la ziwa hadi kwenye matuta? Kalale.

mama_wa_kasulu
Samahanini nawakatisha. Mimi sio mtu wa mpira, nina binti anapenda kukimbia. Nasoma hapa naona mnavyomjadili huyu kijana na roho yangu inaniuma kidogo kwa sababu binti yangu hajawahi kupata hata wa kumuamsha hiyo saa kumi mnayoilalamikia. Wavulana wana kocha wa mtaa, wana ndondo, wana wazee wanaoacha bao. Yeye anakimbia peke yake barabarani na watu wanamuuliza anakimbia nini. Clara Luvanga mcheza mpira leo yupo Al Nassr ya Saudi Arabia analipwa kwa mguu wake, kwa hiyo sio kwamba haiwezekani. Mtoa mada ubarikiwe kwa kumuona huyo mtoto, wengi hawaonwi.

mwana_wa_gungu
Amina mama. Na binti usimuachie, tutarudi kwake.

dada_isevya
Mimi ni nesi, Tabora mjini, nitaongea ya kwangu. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anatakiwa kulala saa 8 mpaka 10 kwa usiku mmoja. Homoni ya ukuaji inatoka kwa wingi mtu akiwa kwenye usingizi mzito, misuli inajikarabati hapo, na hata alichofundishwa mchana ubongo unakipanga hapo. Mtoto anayeamka saa kumi na nusu kuwahi mazoezi ya saa kumi na moja ilibidi alale saa mbili na nusu usiku. Nani analala saa mbili na nusu kwenye nyumba ya watu wengi? Kwa hiyo kaka yangu hayo macho mekundu mimi sioni utovu wa nidhamu, naona usingizi.

Jambo la pili. Miaka 15 ndio wanarefuka kwa kasi. Muangalie chini ya goti, pale mfupa wa ugoko unapoanza, kama kuna uvimbe mdogo mgumu unaouma ukibonyeza. Watoto wanaokua huku wanacheza sana wanapata hiyo, mshipa wa goti unavuta mfupa ambao bado laini. Haihitaji sindano wala kukandwa na maji ya moto na kuvutwa vutwa, inataka kupunguza kukimbia na kuruka, barafu baada ya mazoezi, na uvumilivu mpaka aache kurefuka. Akizidi kuchechemea mpeleke hospitali. Kuna watoto wameachishwa mpira kwa kuambiwa wavivu kumbe goti.

mwana_wa_gungu
Dada asante, hilo la goti nitaliangalia. Kuna siku nimemuona anashikilia chini ya goti la kushoto nikadhani kapigwa.

mwl_wa_michezo
Habari za jioni. Mimi ni mwalimu, nimepeleka vijana UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, zaidi ya mara moja, na Tabora imekuwa mwenyeji miaka ya karibuni kwa hiyo wengine mlionipita pale uwanjani mnanijua. Naomba nimuulize mtoa mada swali moja, katika muda wote uliokuwa nae huyu kijana, ni kipindi gani alicheza vizuri mfululizo bila kuzima? Kwa uzoefu wangu kijana ukimuandikia kumbukumbu utaona kuna kitu. Wangu mmoja alikuwa anazima kila mwanzo wa muhula, kumbe ada. Anakaa nje ya darasa, anaona aibu, jioni mguu haubebi.

mwana_wa_gungu
Mwalimu umeuliza jambo zuri. Kipindi alichotisha ni katikati ya 2024, alikuwa kidato cha kwanza. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane hivi hakukosa mazoezi na ndio mwaka aliochaguliwa timu ya shule za wilaya akiwa mdogo kuliko wote. Wakati huo sikuwa nimempangia hata hiyo alfajiri, tulikuwa tunafanya jioni na wenzake. Ilipofika mwezi wa tisa akaanza kupanda na kushuka, mpaka leo.

mgebuka10
Basi kuchaguliwa ndio kulimpa kichwa. Nimeona wengi, akivaa jezi ya wilaya anaona amefika.

kibirizi_mwaloni
Nimesoma kimya kimya tangu juu lakini hapa siwezi kunyamaza. Mwezi wa tano mpaka wa nane 2024?? Wakuu, ziwa lilifungwa 15 Mei mpaka 15 Agosti mwaka ule. Miezi mitatu hakuna kuvua. Mwaloni kwetu, pale samaki wanaposhushwa, palikuwa kimya, vipe (mitumbwi ya kuvulia) vimepaki mchangani.

Mtoa mada, huyo mjomba wake anaishi wapi na anafanya kazi gani?

mwana_wa_gungu
Kibirizi. Ana biashara ya dagaa.

kibirizi_mwaloni
Sasa nisikilize. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina maana, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo siku za mbalamwezi vipe havitoki, watu wanapumzika na kushona nyavu. Giza likirudi, kazi kila usiku. Vipe vinaondoka jioni vinarudi alfajiri, na vikirudi ndipo mwaloni unapowaka, kupokea, kubeba, kuosha, kuanika kabla jua halijatoka vizuri. Kwenye hiyo kazi ya kuanika ukipita utaona watoto wa shule tele. Wewe umesema kuna wiki yupo moto halafu anazima muda mrefu. Chukua kalenda yenye mwezi uilinganishe na daftari lako la mazoezi. Nadhani dogo wako anachezeshwa na mwezi na sio nidhamu.

filamu_na_soka
Aisee.

mama_wa_kasulu
Mungu wangu. Na saa kumi na moja aliyopangiwa ndio hiyo hiyo vipe vinarudi.

mtu_wa_kanuni
Kama ni kweli basi kuna la kisheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kumuajiri mtoto chini ya miaka 14, na kuanzia 14 ni kazi nyepesi tu isiyomuumiza na isiyoharibu masomo yake. Kubeba makarai ya dagaa kabla ya alfajiri na kwenda darasani akisinzia sijui kama utaiita nyepesi. Ongea na ustawi wa jamii wa kata.

kibirizi_mwaloni
Mkuu nakuheshimu ila taratibu. Huku kumsaidia mjomba aliyekupa pa kulala haiitwi ajira. Ukipeleka afisa kwenye ile nyumba dogo ndio anarudishwa kijijini kesho yake na shule inaishia hapo na mpira unaishia hapo. Nimekulia mwaloni, nimebeba hayo makarai, na nimemaliza kidato cha nne.

mtu_wa_kanuni
Wewe ulimaliza. Wangapi mlioanza nao mwaloni walimaliza?

kibirizi_mwaloni
Wachache. Hilo nakubali. Bado nasema aongee na mjomba kwanza kabla ya ofisi yoyote.

mzee_wa_steshoni
Nilisema mimi tangu mwanzo, msimtafute kichwani.

mgebuka10
Mzee ulisema chakula, hukusema dagaa.

mzee_wa_steshoni
Dagaa sio chakula?

mwana_wa_gungu
Wakuu nimekaa nae jana baada ya mazoezi, nikamnunulia soda tukakaa pembeni. Haingii ziwani, hilo nashukuru. Ila ni kweli anapokea mzigo vipe vikirudi na anaanika kwenye vichanja mpaka muda wa kwenda shule. Mjomba hamlazimishi kwa maneno, lakini dogo anasema hawezi kulala wakati binamu zake wanabeba. Kuna kidogo anapewa, anatumia kwa madaftari na kingine anamtumia mama yake Uvinza. Nilipomuuliza mbona hukuniambia akasema aliona nitamuacha.

Na goti lipo, dada wa Isevya. Kuna kidonge kigumu pale pale ulipoelekeza, kinamuuma akipiga magoti.

Ila kibirizi_mwaloni nimelinganisha na kalenda kama ulivyosema. Inaingia kwa sehemu kubwa lakini sio yote. Mbalamwezi ya mwezi uliopita vipe havikutoka na bado alikuwa hovyo, hakukata hata beki mmoja. Kwa hiyo bado sijaelewa.

dada_isevya
Mwezi uliopita ni goti hilo, au usingizi wa deni. Mtu aliyekosa usingizi wiki tatu haupati wote kwa kulala siku mbili. Na anaweza kuwa na vyote viwili.

mgebuka10
Au hana kiwango. Samahani lakini lazima mtu mmoja aliseme. Kuna watoto wengi wanaong'ara wakiwa 14 kwa sababu wamewahi kukua, wenzao wakiwafikia urefu ule ubora unayeyuka. Hakuna mwezi hakuna dagaa.

mwl_wa_michezo
Hoja ya kuwahi kukua ni ya kweli na nimeiona, ila huyu ameambiwa ndio kwanza anarefuka, kwa hiyo yeye yupo upande wa pili wa hiyo hoja. Mimi bado nauliza kuhusu darasani. Anafaulu? Mtoto akianza kufeli somo lililokuwa lake anabeba mpaka uwanjani.

mwana_wa_gungu
Hesabu zimeshuka, mengine yapo wastani.

filamu_na_soka
Mimi narudi kwenye hilo neno lake, "aliona nitamuacha". Hapo ndio penye uzi wote kwa maoni yangu. Jamie alikuwa na uhakika Roy hamuachi. Dogo wako alikuwa anaficha kazi ya dagaa kama mtu anayeficha ugonjwa, anakuja amechoka, anatukanwa, ananyamaza, kwa sababu aliona akisema ukweli anapoteza mtu pekee anayemuona kama mchezaji. Mchoko unaisha kwa usingizi. Hofu hiyo haimalizwi na usingizi, na ukiwa na hofu hiyo huwezi kumkabili beki, unapasia nyuma kila mpira.

mgebuka10
Hiyo ni saikolojia ya kwenye TV mkuu.

filamu_na_soka
Haya, niambie ya nje ya TV. Simbu mkimbiaji wa marathoni, wa jirani zetu Singida, alichukua shaba ya dunia London 2017, halafu dhahabu Tokyo Septemba 2025, saa 2:09:48, muda sawa sawa na Mjerumani aliyekuwa nae, waliachana kwa kifua tu. Katikati hapo ni miaka minane. Miaka minane anashindana bila dhahabu ya dunia, na kazi jeshini anayo, wanaomuamini wapo. Angekuwa na mtu anayemtishia kumuacha kila akishindwa angefika Tokyo?

mgebuka10
Jeshini wanakubembeleza? Umenisaidia mwenyewe, pale ni ukali mtupu.

mzee_wa_steshoni
Na ni mshahara, msisahau mshahara, amelishwa na jeshi kama sisi tulivyolishwa na reli.

mtu_wa_kanuni
Naona kila mtu anamvuta Simbu upande wake. Mimi niongeze jambo ambalo walezi wa mtaani wengi hawalifuatilii. Mtoa mada, huyo kijana amesajiliwa popote? Namaanisha kwenye klabu inayotambulika, jina lake likaingizwa kwenye mfumo wa TFF, shirikisho letu la soka?

mwana_wa_gungu
Hapana, sisi ni kikundi tu cha mtaa, tunachangishana mpira na bibs.

mtu_wa_kanuni
Tafuteni klabu iliyosajiliwa hapo mjini mkubaliane. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha inagawiwa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka anaofikisha miaka 12 mpaka 23. Msimu mmoja wa umri wa 12 mpaka 15 ni asilimia 0.25, wa 16 mpaka 23 ni asilimia 0.5. Tuseme anauzwa shilingi bilioni 1, klabu iliyokuwa nae msimu mmoja tu akiwa 15 inapata milioni 2 na nusu, ya akiwa 16 inapata milioni 5. Kwa kikundi kinachochangishana mpira hiyo ni mipira ya miaka. Kina Samatta walivyotoka Mazembe kwenda Genk 2016 kanuni hii ndiyo inayozipa haki klabu za nyumbani. Lakini inalipwa kwa kumbukumbu za usajili, na roho nzuri ya kuamka alfajiri haiandikwi popote.

Pia kanuni hizo hizo haziruhusu mtoto chini ya miaka 18 kuhamishwa nje ya nchi, ukiacha mazingira machache maalumu. Akija mtu anasema ana majaribio Ulaya kwa dogo wa miaka 15 na anataka hela ya pasipoti, fungeni mlango.

toto_la_ipuli
Hili la mwisho ni muhimu mno. Hapa Tabora kuna mzazi namjua aliuza ng'ombe, mtu akamwambia kijana anapelekwa akademi, walifika Dar wakalala kwenye chumba, simu ya yule bwana ikazimwa. Kijana alirudi na treni akawa hataki tena hata kuona mpira.

mama_wa_kasulu
Jamani mtoto wa watu.

mwana_wa_gungu
Nawashukuru wote. Nilichoamua kwa sasa, alfajiri nimefuta, tunarudi jioni saa kumi na nusu. Kukimbia na kuruka apumzike mpaka goti litulie, atafanya pasi na mguu wa kulia ambao ni dhaifu. Jumapili nakwenda kwa mjomba baada ya ibada, kwa adabu, kumuomba siku za giza amwachie angalau asubuhi za kabla ya mechi. Na dogo nimemwambia hata asipogusa mpira mwaka mzima bado nitapita kumjulia hali.

mgebuka10
Utamdekeza. Nakuambia ukweli kwa sababu nakupenda.

kibirizi_mwaloni
Ukienda kwa mjomba usianze na mpira. Anza kuulizia bei ya dagaa, aongee weee, ndio uingize la dogo. Mtu wa mwaloni ukimuanzia na lawama anafunga masikio. Ukitaka nitaongozana nawe, mimi watu wengi pale ni ndugu.

mwana_wa_gungu
Nakuja inbox sasa hivi kaka.

toto_la_ipuli
Dogo anavaa namba ngapi? Nina njumu hazijachakaa, zilimbana mdogo wangu. Naweza kumpa mtu anayekuja Kigoma na treni.

mwana_wa_gungu
41. Mungu akulipe.

toto_la_ipuli
Hizi ni 42, akiweka soksi mbili zitakaa, na kama anarefuka kweli basi ndio vizuri. Ziandikwe zimetoka Tabora, timu iliyomfunga Yanga.

mgebuka10
Tumekusikia bwana.

mwl_wa_michezo
Mama wa Kasulu, sijakusahau. Binti ana miaka mingapi na anakimbia umbali gani?

mama_wa_kasulu
Asante mwalimu. Ana 14. Umbali sijui niseme nini, anatoka nyumbani anapanda mlima anarudi, hajawahi kupimwa na saa. Wanaoendesha bodaboda wanasema kwenye mwinuko anawasumbua.

mwl_wa_michezo
Mlima wa Kasulu sio mchezo. Mpeleke uwanja wowote wa shule wenye mstari wa mita 400, akimbie 1500, ni mizunguko mitatu na robo tatu, kwa hiyo aanzie mita 300 kabla ya mstari wa kumalizia. Jioni, sio alfajiri, na awe amelala vizuri. Tumia saa ya simu. Asikimbie peke yake, weka wavulana wawili wa kumvuta. Ukipata muda niandikie hapa hapa.

mama_wa_kasulu
Jumamosi mwalimu. Nitaandika.